Kirusi Kilichobadilisha Shati

Ijumaa, 27 Machi 2020, ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu. Amri ilitaka kila mtu awe nyumbani ifikapo saa moja jioni. Kabla saa hiyo haijafika, polisi walikuwa wameshawavamia waliokuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni kwa vitoa machozi na marungu. Watu walioambiwa wakae mbalimbali wakajikuta wamerundikana, wanakohoa, wanafikicha macho kwa mikono ambayo haijanawiwa. Tarehe 1 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa yaliyovuka mipaka.

Sasa, tuuelewe mji huu kwanza. Kila alfajiri bara huingia kisiwani kwa milango mitatu: Likoni kwa feri, Kisauni kwa daraja la Nyali, Changamwe kwa Makupa. Feri peke yake ilikuwa ikivusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Kibarua wa bandarini hawezi kubeba mzigo kupitia intaneti. Kwa hiyo Mombasa, Kilifi na Kwale zilipofungwa tarehe 8 Aprili, zuio lilikuwa la kutoka na kuingia kaunti. Ndani ya mji, watu waliendelea kuvuka, na kirusi kikavuka nao.

Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, wanasayansi walisoma jeni za virusi 311 vilivyochukuliwa Pwani kati ya 17 Machi na 31 Julai 2020. Waliona kwamba kirusi kiliingia mara nyingi, tena kwa koo tofauti. Koo za A, B na B.4 zilinaswa kwa waliopimwa mpakani mwa Tanzania na kwa wasafiri waliorejea, zikaishia hapo. Ukoo wa B.1 ndio uliopenya, ukafikia asilimia 74 ya virusi vilivyosomwa. Ukaguzi wa mpakani ulisaidia, basi, ila mlango mmoja ulioachwa wazi ulitosha.

Wakati huohuo, damu ilikuwa inasema jambo jingine. Utafiti wa wachangiaji damu 3,098, kati ya Aprili na Juni 2020, ulikadiria kwamba Mombasa asilimia 8 walikuwa na kingamwili za corona, juu kuliko hata Nairobi. Hao ni kama mmoja kati ya kila 12, na wengi wao hata hawakujua waliugua lini. Kufikia Januari hadi Machi 2021, makadirio ya nchi nzima kwa wachangiaji damu yalikuwa yamepanda hadi asilimia 48.5.

Ungedhani mambo yameisha, si ndiyo? Nusu ya watu wana kingamwili, kirusi kitampata nani? Lakini Machi hiyohiyo wimbi la tatu likapanda, likiwa na Alpha na Beta ndani yake.

Iko hivi. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi. Makosa mengi hayana maana. Machache hugusa ile miba ya nje ambayo kingamwili huitumia kukitambua. Ni kama askari aliyepewa maelezo ya mwizi: shati jekundu, kofia nyeupe. Mwizi akibadilisha shati, anapita. Ila mwili una walinzi wengine, seli zinazomjua kwa mwendo wake. Hao wanaweza kuchelewa kumzuia mlangoni, lakini humkamata kabla hajavunja nyumba. Ndiyo maana mtu aliyechanjwa aliweza kuambukizwa tena na bado akanusurika na mashine ya oksijeni.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kwetu. Februari 2021 Afrika Kusini ilisitisha AstraZeneca, kwa kuwa utafiti ulionyesha haikuzuia vyema ugonjwa wa wastani wa Beta. Kenya ilipokea chanjo hiyohiyo tarehe 3 Machi, zaidi ya dozi milioni moja. Kisha India, iliyokuwa ikiitengeneza, ikazidiwa na wimbi lake na kubana usafirishaji. Waliodungwa mara ya kwanza wakaambiwa wasubiri zaidi. Delta ikatufikia kabla ya shehena. Mwisho wa mwaka ikaja Omicron, na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye miba yake, ikasambaa hata kwa waliokwisha kuugua.

Ukiitazama miaka hiyo kutoka bara, unaona kwamba hakuna kizuizi kimoja kilichotosha, kwa sababu kirusi hakikubaki kilekile. Kilichohitajika ni kukisoma upya kila mara, kuchanja mapema, na watu wawe tayari kusikia leo agizo lililo tofauti na la jana.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Agizo likibadilika, anayekuamini huuliza sababu. Asiyekuamini husema ulikuwa unadanganya tangu mwanzo. Serikali iliyowajia watu wa Likoni na rungu Machi 2020 ndiyo iliyorudi Machi 2021 ikiwaomba wakunje mikono ya mashati wadungwe. Siku gonjwa jingine litakaposhuka bandarini au pale uwanja wa ndege Changamwe, maabara ya Kilifi itakuwa tayari kulisoma. Swali ni nani atakayetumwa kwenye foleni ya feri kuwaeleza watu, na atakuwa ameshika nini mkononi.