Sare Mpya, Hofu ya Zamani

Vijana wenzetu, tunaulizwa sana kwa nini wengi wetu tukiona sare ya polisi tunabadilisha njia. Sisi tuliotoka Burundi tunajibu kwa historia.

Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulisema kabila moja lisizidi nusu katika vyombo vya usalama. Katiba ya 2005 ikarudia hayo. Polisi wakaundwa upya: jandarmu wa zamani na wapiganaji waliotoka msituni wakavaa sare moja. Kwa wazee wetu waliokimbia mwaka 1972 na 1993, kumwona Mhutu na Mtutsi kwenye doria moja halikuwa jambo dogo.

Sasa mbona 2015 tukakimbia tena? Aprili ile watu waliandamana Bujumbura kupinga Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, na polisi wakawapiga risasi. Kumbe kuchanganya makabila kulijibu swali la kwanza tu: polisi ni nani? La pili likabaki: anawajibika kwa nani, raia au mkubwa wake?

Huku kambini, mtu akiibiwa anaanza kwa sungusungu. Ni wakimbizi wenzetu, na wakikosea tunajua nyumba zao.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituita kwenye semina na polisi, mechi ya kirafiki ni nzuri, tutacheza. Ila kwanza tuambieni: tukimlalamikia askari, malalamiko yanapokelewa na nani, na majibu tunayapata lini?