Ngege: Jina na Samaki katika Historia ya Ziwa Viktoria

Katika mtaa wa Mabanga, kama kwingineko mjini Goma, sambaza huhesabiwa kuwa samaki wa Kivu halisi. Historia inaonyesha vingine. Samaki huyo alitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mgeni akawa mwenyeji. Katika Ziwa Viktoria mambo yalikwenda kinyume: mwenyeji alitoweka, na jina lake likarithiwa na mgeni. Mwenyeji huyo ni ngege.

Kwa Waluo na Waganda, ngege lilikuwa jina la samaki mmoja mahususi wa jamii ya perege, asiyechanganywa na ndugu yake mbiru. Mtaalamu Mwingereza Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alimpa jina la kisayansi lenye neno la Kilatini esculenta, yaani "afaaye kuliwa". Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za makila zilikuwa zimeingia ziwani tangu 1905, na kadiri ngege alivyopungua ndivyo wavuvi walivyotumia nyavu zenye matundu madogo zaidi, zikanasa hata wachanga. Graham alishauri matundu yasipungue inchi 5. Sheria ilitungwa, lakini kuanzia miaka ya 1950 ikalegezwa na kufutwa.

Katika miaka hiyohiyo ziwani walipandikizwa perege wa Naili, ambaye Tanzania humwita sato, na sangara. Sato alishindana na ngege kwa chakula na mazalio, tena akazaana naye. Kufikia miaka ya 1980 ngege alikuwa nadra mno katika ziwa kuu.

Jina, hata hivyo, halikutoweka. Leo wachuuzi wa Kisumu na Kampala humwita "ngege" yule sato mgeni. Hapo ndipo lugha inapoificha hasara, kwa kuwa asikiaye jina hilo sokoni kila siku hana sababu ya kushuku kwamba mwenyewe hayupo.

Ngege alinusurika katika maziwa madogo yaliyotengwa na mafunjo, kama vile Kanyaboli, katika Kaunti ya Siaya nchini Kenya. Hata huko si rahisi kumfuatilia, kwani machotara hufanana naye. Ndiyo maana watafiti hulazimika kuchunguza chembe za urithi, na uchunguzi huo umebaini kwamba damu ya sato imekwisha kupenya Kanyaboli pia.

Kumhifadhi ngege kwahitaji basi kuyalinda mafunjo na kuzuia sato asipandikizwe katika maziwa hayo. Kwahitaji vilevile usahihi wa maneno. Daftari la mwaloni linalowaandika samaki wawili kwa jina moja haliwezi kuonyesha ni yupi anayepungua. Wanakamusi wa Kiswahili wangesaidia kwa kuwapa ngege na sato vidahizo viwili vyenye maelezo yasiyochanganyika.