Mifuko Minne na Kopo Moja

Kila asubuhi kabla sijafunga mlango hujipapasa. Mfuko wa mbele kulia, simu. Mbele kushoto, nauli na chenji. Nyuma kulia, hanchifu. Nyuma kushoto hakuna kitu, kwa sababu mfuko wa nyuma ukifika katikati ya jiji ni mali ya yeyote anayetembea nyuma yako. Funguo huning'inia kwenye mshipi kwa klipu ya chuma niliyonunua Gikomba. Kitambulisho ndicho hakina makao. Leo kiko pamoja na simu, kesho kimebaki kwenye jinzi niliyovua jana, na hapo ndipo shida zangu huanzia.

Najua si mimi peke yangu. Simama kwenye steji yoyote Nairobi saa kumi na mbili asubuhi uangalie watu wakijipapasa mapaja na makalio kama waliovamiwa na siafu. Makanga ana noti katikati ya vidole. Mtu wa boda amejifunga kibegi kiunoni. Mama mboga ana aproni ya mifuko miwili: mmoja wa chenji, na mwingine ambao hawezi kuufungua mbele ya mteja. Kila mtu ana mpango wake, na hakuna aliyefundishwa darasani.

Nilianza kuufuatilia huu mpango, ulikotoka na ulivyobadilika, kwa sababu ya Guka.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilienda ushago Murang'a kumwona Guka, baba yake mama. Nilikuwa nimevaa kadi ya mwanafunzi shingoni, kwa utepe wa buluu. Kama umewahi kuwa mwaka wa kwanza unaijua hiyo raha: unaivaa kwenye matatu, unaivaa hata Jumamosi, ili watu wajue. Guka alikuwa nje anapukuchua mahindi. Aliiangalia kadi kabla ya kuangalia uso wangu.

“Vua hiyo mbugi,” akasema.

Mbugi kwa Kikuyu ni ile kengele anayofungwa mbuzi shingoni. Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaivua, nikaisukuma mfukoni, na hapo ndipo aliponyoosha mkono kunisalimia.

Guka alituacha kabla sijamwuliza alimaanisha nini. Mimi nami niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Kadi iko kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Lile neno nalo halikuniacha, na nilipopata muda wa kusoma vitu ambavyo hakuna mtihani wake, nikaenda kulitafuta.

Lazima tuanzie kabla ya suruali. Ukimsikia mtangazaji wa mpira akisema timu fulani imetia kibindoni mamilioni, ujue hilo neno ni la zamani na ni la mwilini. Kibindo ni ule mkunjo wa nguo kiunoni. Mwanamume wa Pwani aliyejifunga kikoi au shuka aliviringisha upindo wake, akatia pesa au tumbaku ndani, akakaza. Hakuhitaji fundi wala zipu. Mwanamke alifunga sarafu kwenye pindo la kanga, fundo dogo ambalo jino na kidole ndivyo vilivyolifungua. Wako mabibi Mombasa na Lamu wanaofanya hivyo mpaka leo, na sijasikia mwizi aliyefungua fundo la bibi bila bibi kujua.

Hayo ni ya kuficha. Kulikuwa na ya kuonyesha pia. Muungwana wa Zanzibar aliyefuata mavazi ya Waomani alichomeka jambia mbele ya tumbo, na ala yake ya fedha ikasema mambo ambayo yeye mwenyewe hangeyasema kwa mdomo. Huku bara, morani wa Kimaasai alivaa sime ubavuni, kwenye ala nyekundu. Wazee wa Kikuyu na wa Kikamba walibeba ugoro kwenye kikopo kidogo chenye mnyororo. Na ndewe za masikio zilizotobolewa zikapanuliwa hazikuwa urembo tu. Ziko picha za mwanzo wa karne ya 20 ambazo mzee ametia kikopo kizima kwenye sikio, mikono yake mitupu, ametulia kabisa.

Nilipoangalia hizo picha niliona kitu kimoja. Uwe unaficha au unaonyesha, anayebeba ndiye aliyechagua. Hakuna aliyemwambia mzee sikio lake libebe nini.

Serikali ya kikoloni ilijua watu wengi hawakuwa na mifuko. Ushahidi uko kwenye pesa zenyewe. Kuanzia 1907, senti za huku zilitolewa zikiwa na tundu katikati, na sababu inayotajwa mara nyingi ni hiyo: asiye na mfuko azitunge kwenye uzi na kuzibeba shingoni au kiunoni. Senti tano na senti kumi za tundu ziliendelea mpaka wakati wa uhuru. Leo utazipata Maasai Market zikiwa hereni, na msichana anayezivaa hana habari kwamba masikio yake ni mfuko tena.

Kisha ikaja kaptura. Ilikuja na jeshi, na polisi, na kazi ya mshahara. Barazani mwa duka la Mhindi palikuwa na fundi na cherehani yake, na kijana aliyetoka shambani na mshahara wa kwanza angeweza kutembea na khaki mpya. Kaptura ina mifuko. Kwa mara ya kwanza watu wengi wakawa na mahali pa siri palipokuwa pameshonwa tayari, ambapo mkono unaingia na hakuna anayejua umeshika nini.

Halafu, karibu na wakati huo huo, likaja kopo.

Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwaka wa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kufika miaka 16 alipaswa kuandikishwa, achukuliwe alama za vidole, apewe karatasi. Karatasi hiyo ndiyo kipande. Ilikuwa na jina lake, kabila lake, mwajiri wake, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kuacha, na mshahara. Karatasi ikatiwa kwenye kikopo cha chuma, na wengi wakakivaa kwa kamba au mnyororo shingoni. Polisi akikuuliza, unaonyesha. Huna, ni faini au jela.

Ujanja wa kipande ulikuwa kwenye yale maandishi madogo. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi kwamba umeachiliwa. Bila sahihi yake, mwajiri mwingine hakupaswa kukuchukua, kwa hivyo ukitoroka shamba ulionekana mtoro kokote uendako. Na kwa sababu mshahara wako wa mwisho umeandikwa pale, mzungu wa pili alijua mara moja ni pesa ngapi utakubali. Fikiria uende kwenye usaili wa kazi leo, na kabla hujafungua mdomo bosi asome shingoni mwako ulikuwa ukilipwa ngapi na yule wa kwanza alikuonaje.

Wakikuyu wakalipa kopo jina. Wakaliita mbugi.

Nilipofika hapo kwenye usomaji nilifunga laptopu nikatoka nje kidogo.

Mama ndiye aliyenijazia mengine. Guka alizaliwa karibu na 1930. Alipofika miaka 16 alienda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu la pareto, upande wa Molo, na alienda na kopo shingoni. Mama hakuambiwa mengi. Anakumbuka tu kwamba baba yake hakuwahi kuvaa kitu shingoni maisha yake yote, hata tai siku ya harusi yake, hata rozari ambayo Cucu alimnunulia. Kila kitu chake kilikaa mfukoni: miwani, kisu, barua, pipi za wajukuu. Koti lake la kijivu lilikuwa na mfuko wa ndani alioushona mwenyewe kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti.

Kopo halikukubaliwa kimya kimya. Mwaka wa 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu kwenye ofisi ya Hazina hapa Nairobi, alianza kuwakusanya watu kupinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kazi za kulazimishwa ambazo wanawake na wasichana walikuwa wakifanyishwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikuwa umejaa nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, ng'ambo kidogo ya hoteli ya Norfolk. Viongozi wanaume walipoambiwa na serikali wawatulize watu, wakaanza kuwaambia warudi nyumbani.

Hapo akasimama Mary Muthoni Nyanjiru. Aliinua nguo yake mbele ya wanaume wote, laana nzito ambayo mama humtolea mtu aliyemwaibisha, na akawaambia wavue suruali zao wampe yeye, kama wao wameshindwa kuzivaa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa kati ya waliokufa. Serikali ilitaja watu 21. Walioshuhudia walisema ni zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Huwa nafikiria ile suruali. Sheria ya kipande haikumgusa Nyanjiru, ilikuwa ya wanaume. Hakuwa na kopo. Lakini aliona wanaume wenye suruali na mifuko yao, kisha juu ya suruali hizo kopo linaloning'inia, na wanaambiwa waende nyumbani nao wanaenda.

Kopo liliendelea zaidi ya miaka 20 baada ya siku hiyo. Mwaka wa 1947 ikapitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na hapo ndipo kituko kikatokea. Walowezi wakaruka juu. Vidole vyao vichafuliwe wino kama vya wahalifu? Serikali ikalegeza: aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza angetoa picha na sahihi badala ya alama za vidole. Aibu ambayo Mwafrika alikuwa ameivaa shingoni miaka karibu 30 ikaonekana nzito mno kwa kidole cha mzungu. Na Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakabebeshwa tena karatasi nyingine, pasi ya kuwaruhusu kutembea.

Tulipopata uhuru hatukuacha kuandikishwa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo wanawake nao wakaanza kupewa kitambulisho, na wengi walikisubiri kwa hamu, kwa sababu bila hicho kulikuwa na milango iliyofungwa kwao. Hilo nalikubali. Kitambulisho changu ndicho kilichonipa laini ya simu na M-Pesa, na ndicho nitakachopigia kura. Sisemi ni kopo. Nasema tu kwamba mtaani bado tunakiita kipande, na lugha haisahau haraka kama sisi.

Mwaka jana, usiku kama saa nne, nilikuwa narudi kejani kutoka kwa rafiki. Karao wawili wakanisimamisha. “Kipande?” Nikajipapasa. Mbele kulia, simu. Mbele kushoto, mia mbili. Nyuma kulia, hanchifu. Nikajipapasa mara ya pili, polepole, kama mtu ambaye akiwa mpole sana kitu kitatokea. Kilikuwa kwenye jinzi nyingine. Nilikaa saa tatu nyuma ya lori na vijana wengine tisa, na wote tulikuwa tukishika mifuko yetu bila sababu. Mmoja alisema yeye huacha kitambulisho nyumbani makusudi ili kisiibiwe. Mwingine akamwambia, basi wewe ndiwe uliyeibiwa. Mia mbili yangu ilibaki kwenye lori.

Kufika nyumbani niliiona ile kadi kwenye msumari. Nilikuwa nimeshafikiria, pale kwenye lori, kwamba dawa ni kununua utepe nitundike kitambulisho shingoni kisibaki tena. Ni rahisi, ni shilingi hamsini, kila mtu ofisini anavaa. Nikasikia, vua hiyo mbugi.

Wiki hiyo nilipeleka jinzi zangu tatu kwa fundi Gikomba. Nilimwomba ashone mfuko wa ndani kwenye kila moja, chini ya mshipi, upande wa kushoto, upana wa vidole vinne. Akauliza ni wa pesa? Nikamwambia ni wa kipande. Akapima kwa kidole gumba, akatafuta uzi kwenye droo.

“Rangi ya jinzi imeisha,” akasema. “Nitumie nyeupe? Haitaonekana.”

Nikamwambia atumie yoyote. Alinitoza mia moja kwa kila mfuko.