Mathenge wa Bura na ufundi wa kuunyima moto hewa

Maji ya mashamba ya mradi wa umwagiliaji wa Bura, nchini Kenya, yalivutwa kutoka Mto Tana kwa pampu za dizeli pale Nanighi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 familia za kwanza zilizohamishiwa huko zikaanza kulima pamba. Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa wafadhili. Jambo moja liliwatia wasiwasi waliopanga mradi huo: kuni. Maelfu ya watu wakipika kila siku, msitu mwembamba wa kando ya mto ungekwisha.

Ndipo ukaletwa mathenge. Mti huu wa Amerika ya Kusini ulikuwa umepandwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, nao haukuogopa chumvi wala ukame. Ufini ikagharimia utafiti wa miti ya kuni huko Bura. Mathenge ukastawi kupita matarajio! Mifugo walikula maganda yake na kutawanya mbegu kwa samadi, mvua za El Niño za 1997 zikazisambaza zaidi, na mashamba yaliyoachwa mradi ulipodorora yakageuka vichaka vya miiba. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu.

Wenyeji wakaufanya mkaa, na mkaa hautaki moto mwingi, unataka moto ulionyimwa hewa. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, moto hutiwa upande mmoja, kisha mchomaji hukaa akilinda matundu. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka kwenye kuni. Joto likipita nyuzi 280 hivi, kuni huendelea kugeuka mkaa kwa joto lake lenyewe, na moshi huwa wa manjano, unaochoma macho. Ukiwa mwepesi wa samawati, tundu lizibwe upesi, maana sasa kinachoungua ni mkaa wenyewe. Udongo ukipata ufa usiku na mlinzi amesinzia, asubuhi atazoa majivu.

Katika tanuri kama hilo, kilo 100 za kuni kavu hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20. Huko Casamance, Senegali, waliongeza dohani ubavuni, moshi wa moto ukalazimika kuzunguka ndani kabla ya kutoka, na mavuno yakakaribia kilo 30. Dohani hilo hutengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyounganishwa.

Tofauti hiyo si ndogo kwa Kaunti ya Tana River, iliko Bura. Mathenge una miiba mikali na vigogo vyembamba. Mchomaji anayeambulia magunia mawili matatu ataufuata mgunga wa asili, ulio rahisi kukata. Mavuno yakipanda, jasho la kupambana na miiba linalipa.

Kanuni za Mkaa za mwaka 2009 ziliwataka wachomaji wajiunge katika vyama na wasafirishaji wawe na vibali. Kaunti ikitaka vichaka vya Bura vipungue, ivipe vyama hivyo mapipa na fundi wa kuchomelea.