Uvimbe uliofichika katika manii na mchango wake kwa utasa wa wanaume

MWAKA mzima unapopita katika ndoa bila dalili ya mimba, aghalabu mke ndiye hutangulia kupelekwa hospitalini, na wakati mwingine kwa waganga, huku mume akisubiri majibu nyumbani. Ilhali katika takriban nusu ya visa vya utasa mwanamume ana mchango wake, ama peke yake ama pamoja na mwenzake. Mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukumbwa na tatizo hili wakati fulani maishani.

Mume anapokubali hatimaye kupimwa, maabara hutazama hasa idadi ya mbegu, namna zinavyoogelea na umbo lake. Mwongozo wa WHO uliotolewa 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa kila mililita ya manii kuwa kiwango cha chini cha marejeo. Kiwango hicho hakimaanishi kuwa aliye chini yake ni tasa. Kilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba katika muda wa mwaka mmoja, na asilimia tano miongoni mwao walikuwa chini yake.

Kuna jambo jingine ambalo hupewa nafasi ndogo katika majibu hayo, nalo ni dalili za uvimbe. Uvimbe unaozungumziwa hapa si ule unaoonekana kwa macho. Ni hali ya mwili kupambana na viini au na jeraha katika tezi dume, katika vifuko vinavyotoa majimaji ya manii, au katika mirija inayopitisha mbegu. Mara nyingi mwanamume hahisi maumivu yoyote wala haoni usaha.

Dalili inayopimwa zaidi ni wingi wa chembechembe nyeupe za damu. Zikizidi milioni moja katika kila mililita ya manii, daktari hutakiwa kuchunguza chanzo chake. Chembechembe hizo ni walinzi wa mwili, lakini silaha zao hazichagui adui. Katika kuangamiza viini humwaga kemikali kali zitokanazo na oksijeni, na kemikali hizo huushambulia utando wa mbegu, ambao una mafuta mengi yanayoharibika upesi. Mbegu nayo ina uwezo mdogo mno wa kujikarabati. Utando ukiharibika, mbegu huogelea kwa unyonge au hushindwa kulipenya yai. Na kemikali zikifika ndani zaidi, huweza kuikata DNA inayobeba urithi wa baba. Ndiyo maana idadi inaweza kuonekana nzuri katika karatasi ya majibu na mimba isitungwe.

Maabara zenye vifaa zaidi huweza vilevile kupima kimeng'enya kiitwacho elastesi, kinachotolewa na chembechembe hizo, pamoja na protini zinazopeleka ishara za uvimbe, kama vile intalukini-6 na intalukini-8. Vipimo hivi hutumika zaidi katika utafiti, kwa kuwa wataalamu hawajaafikiana kuhusu viwango vya kutenganisha mgonjwa na mzima.

Hata kipimo cha chembechembe nyeupe kina mtego wake. Chini ya hadubini ya kawaida, mbegu changa ambazo hazijakomaa nazo ni za duara, na mpimaji huweza kuzidhania kuwa chembechembe nyeupe. Hutenganishwa kwa rangi maalumu ya peroksidesi. Bila hatua hiyo, mtu anaweza kutibiwa maambukizi asiyokuwa nayo.

Miongoni mwa vyanzo vinavyofahamika ni klamidia, kisonono na bakteria wa njia ya mkojo. Katika pwani ya Kenya, kwa mfano Kwale na Tana River, kuna pia kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake huweza kukwama katika tezi dume na vifuko vya manii na kuzua uvimbe. Tiba yake ni prazikwanteli. Maambukizi yakiachwa kwa muda mrefu, makovu huweza kuziba mirija kabisa, na hapo dawa ya kuua viini haiwezi kuifungua.

Hata hivyo, dalili za uvimbe si hukumu. Wako wanaume wenye chembechembe nyingi nyeupe wanaopata watoto bila taabu, na tafiti kuhusu uzito wa dalili hiyo zinapingana. Kwa hivyo antibayotiki hufaa pale tu maambukizi yanapothibitishwa au kushukiwa kwa sababu za msingi. Kujinunulia vidonge dukani kwa kubahatisha huwafunza viini usugu. Vidonge vya vitamini vinavyosifiwa navyo havijatimiza ahadi: jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa 2020 halikupata kuwa viliboresha manii au kuongeza watoto waliozaliwa. Hatari zaidi ni sindano za homoni ya testosteroni, ambazo wengine huzitafuta kwa ajili ya nguvu. Hizo hupunguza mbegu, na huweza kuzimaliza kabisa.

Anayekwenda kupimwa hutakiwa kukaa siku mbili hadi saba bila kutoa manii. Sampuli ikichukuliwa nyumbani, ifike maabara katika muda wa saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipate baridi. Kondomu za kawaida hazifai kuikusanyia, na mate au sabuni huiharibu. Kwa kuwa mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, matokeo ya tiba hupimwa vyema baada ya miezi mitatu. Na chanzo kikiwa ni ugonjwa wa zinaa, mume na mke hutibiwa kwa pamoja, la sivyo mmoja atamrudishia mwenzake yale yale yaliyotibiwa.