Joka Katika Picha: Simulizi ya Kinjikitile na Historia ya Rufiji



Wapo wachoraji wanaochukua picha kongwe ya tukio la kihistoria na kuongeza ndani yake dubwana lisilokuwapo. Mtazamaji hucheka kwanza, kisha hujiuliza dubwana hilo limekuja kusema nini. Swali hilo nalielekeza leo katika bonde la Rufiji, ambako kazi kama hiyo ilifanywa kwa ulimi. Kiswahili nacho kina nyenzo zake: mtu akihamishwa ngeli huwa jitu, na nyoka huwa joka.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960, mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na pepo Hongo, aliyejulikana kwa umbo la nyoka. Alitambaa kwa tumbo hadi akazama katika kilindi cha mto, kisha akaibuka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu.

Mwanahistoria anaweza kushawishika kulifuta joka hili. Nadhani atakosea. Pamba ya kulazimishwa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, iliwapa watu wa huku uchungu mmoja, lakini hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaita vitani. Pepo wa majini, kama Bokero wa Rufiji na Kolelo wa Uluguru, waliheshimiwa kupita mipaka ya koo. Joka lilikalia kiti kilichokuwa kitupu.

Hata hivyo, joka likiachwa peke yake huifunika pamba. Julai 1905 ndiyo pamba iliyong'olewa Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, kusini mwa delta. Vita viliendelea hadi 1907, na wengi walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Anayesimulia nyoka na maji tu humfanya marehemu aonekane ameuawa na ujinga wake, na aliyechoma ghala hutoka katika picha.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, alibadili hata herufi ya jina, akatahadharisha kwamba shujaa wake si yule wa historia. Humo kinachokua hadi kumshinda aliyekizaa si nyoka tena, bali neno. Kwa mwanaisimu, hilo ni dubwana la kutisha zaidi.

Wanafunzi wetu wanaokwenda Kibiti na visiwa vya delta kurekodi wazee wasiyaruke majoka wakidhani ni ngano tupu. Wayaandike kama yalivyotamkwa, ngeli kwa ngeli. Kisha waulize kila joka limesimama mahali pa nani, na nyuma yake kumefichwa nini.