Barua ya Kujieleza: Kutoka Manzese ya 1982 Hadi Kibaha

Baba yangu hatupi karatasi. Kwenye mkoba wake wa ngozi, ule ambao zipu yake ilishakufa zamani, kuna cheti cha ndoa, stakabadhi za ada zetu wote, na barua aliyoandikiwa na mwajiri wake mwaka 1982. Lilikuwa shirika la umma lenye kiwanda Barabara ya Pugu, hii tunayoiita leo Barabara ya Nyerere. Barua yenyewe fupi tu: umechelewa kazini mara 9 ndani ya mwezi mmoja, unatakiwa utoe maelezo kwa maandishi ndani ya siku 3, kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu. Nyuma yake amebana kwa pini nakala ya majibu yake. Anaishi Manzese. Mabasi ni mawili, la kwanza mpaka Kariakoo, la pili mpaka kiwandani. Anafika kituoni saa 11 alfajiri. Basi halisimami kwa sababu limeshajaa.

Mwezi wa tatu mwaka huu na mimi nikapata ya kwangu. Haikuja kwa karatasi, ilikuja kwa barua pepe, na aliyenihesabia si karani wa mahudhurio, ni mashine ya vidole pale mlangoni. Mara 7. Naishi Kibaha, Maili Moja, na kazi yangu iko Posta. Ni kama kilomita 40 kwenda, na nyingine hizo hizo kurudi. Nilipokaa kuandika maelezo nikaukumbuka ule mkoba, nikampigia mzee simu anisomee barua yake. Alicheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, usiku au ndani ya gari nikibahatika kupata siti, jinsi Dar es Salaam ilivyofika mahali pa kuwaweka watu wake mbali hivi na kazi zao. Maana nilikuwa naamini ni mambo ya juzi tu, foleni na magari mengi. Kumbe barua zetu mbili zina babu yao.

Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam mwaka 1891, na mapema kabisa wakaanza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi: huku zijengwe nyumba za namna hii, kule za namna ile, na hapo nje vibanda. Waingereza waliouteka mji mwaka 1916 waliukuta mgawanyo huo wakaukaza zaidi miaka ya 1920. Uzunguni ikawa mashariki, inakopuliza upepo wa bahari. Uhindini ikawa katikati, penye maduka. Waafrika wakawekwa magharibi, Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita ya Kwanza, Carrier Corps. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, ambao ndio Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba magonjwa yasivuke. Wanaovuka walikuwa wafanyakazi, kila asubuhi, kwa miguu, kwenda bandarini na majumbani kwa watu, halafu jioni wakarudi kwao.

Lakini tuseme kweli, safari ile haikuwa ndefu. Kariakoo mpaka bandarini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mji ulikuwa mdogo; sensa ya 1948 ilipata watu kama 69,000 tu. Mkoloni alitenga watu bila kuwapeleka mbali sana. Mambo yaligeuka pale watu walipoongezeka na nyumba za Waafrika zikajengwa Ilala, kisha Magomeni na Temeke, huku ajira zikibaki palepale penye maji. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya mabasi, Dar es Salaam Motor Transport, watu wakaiita DMT. Mwaka huohuo wa 1949 mji ukapata ramani yake kuu ya kwanza baada ya vita. Ramani nyingine ikaja 1968, ikichorwa na Wakanada, na nyingine tena 1979. Kila ramani ilikuta mji umeshaikimbia. Mwaka 1967 watu walikuwa kama 270,000, na 1978 mkoa mzima ulishapita 800,000.

Baada ya Azimio la Arusha DMT ikataifishwa, na 1974 ikagawanywa: KAMATA wakachukua safari za mikoani, UDA wakachukua mji. Nikitaka kumfurahisha mzee namtajia UDA. Anaanza na yale mabasi marefu ya Kihungari, Ikarus, yenye kiungo katikati kama jongoo. Watu waliyaita kumbakumba kwa sababu yakifika kituoni yanazoa kila aliyepo. Anasema ukikaa pale kwenye kiungo, basi likikata kona ya Magomeni unaona wenzako wa mbele wakienda upande mwingine kabisa.

Sasa hapo ndipo mzee huwa ananyamaza kidogo, kwa sababu kumbakumba hazikudumu. Mafuta yalipanda bei 1973, yakapanda tena 1979, na katikati ikaingia vita ya Kagera. Fedha za kigeni hakuna. Basi lililokosa tairi au pampu lilikaa gereji miezi mpaka likawa lenyewe ndiyo ghala la vipuri. Nauli ilipangwa na serikali iwe ndogo, jambo jema kwa mwananchi, ila haikutosha kulirudisha basi barabarani. Mashirika mengine yalikuwa na magari yao ya kubeba wafanyakazi, hata malori. La baba lilikuwa na moja, la maofisa. Yeye hakuwa ofisa.

Kwa hiyo mara nyingi alitembea. Manzese, anakatisha Kigogo, anatokea Buguruni, anaingia Barabara ya Pugu. Karibu saa 2 za mguu, viatu mkononi wakati wa mvua. Katika yale majibu yake ya 1982 hakuandika kwamba alitembea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ungeandikaje, mwanangu? Wao walitaka kujua kwa nini nimechelewa, hawakuuliza nimefikaje."

Watu wa mjini hawakukaa kusubiri. Palikuwa na magari binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha, bila leseni, yakiwakimbia polisi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ikakubali yaishe na kuruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria mjini chini ya mwavuli wa UDA. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani ilikuwa ikiitwa dala. Makondakta wakapaza sauti, dala, dala! Jina likabaki hata baada ya sarafu yenyewe kukosa thamani. Jirani zetu wa Nairobi nao waliyaita yao matatu kwa sababu ya sarafu 3 za senti 10, na wao walikuwa wameyahalalisha miaka 10 kabla, kwa amri ya Kenyatta ya 1973. Miji miwili, siasa mbili zilizokuwa zikitukanana, na yote miwili ikayapa magari majina ya pesa ya nauli.

Daladala nyingi za mwanzo zilikuwa pikapu zilizofunikwa, zenye mabenchi marefu, abiria wanatazamana goti kwa goti. Wakaziita chai maharage, maana mlikaa kama mko kwa mama ntilie mnasubiri sahani. Mama alizipanda. Anasema kilichomtesa si joto, ni kutokujua macho ayaweke wapi. Miaka ya 1990 vikaja vipanya, ambavyo mimi navikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa denti. Konda alikuwa anaweka mkono mlangoni: wanafunzi wawili tu! Tulikuwa 20 kituoni, sare zimeloa jasho, na nauli yetu ilikuwa ndogo kuliko ya mkubwa, ndiyo maana hatukutakiwa. Nilimchukia yule konda kwa miaka mingi.

Nimeacha kumchukia baada ya kusoma kitabu cha Matteo Rizzo cha 2017, Taken for a Ride, ambacho nakipendekeza kwa yeyote anayependa historia ya Dar na anaweza kuvumilia lugha ya wachumi. Anachokionesha ni kitu ambacho kila abiria amekiona bila kukielewa. Dereva na konda hawana mshahara wala mkataba. Wanalikodi gari kwa siku: jioni tajiri anataka hesabu yake, mafuta juu yao, kinachobaki ndicho ugali. Kwa hiyo kujaza kupita kiasi, kukimbizana, kukatisha ruti, kumkataa denti, vyote ni hesabu tu inayofanya kazi. Mwenye gari hayupo barabarani kutukanwa. Kasoro yangu na kitabu hiki ni moja: abiria ndani yake ni kivuli. Tunapanda, tunashuka, hatusemi kitu.

Na abiria tulikuwa na elimu yetu bwana. Chukua kugeuza. Jioni unatoka kazini, unataka kwenda Mbagala, na gari likitoka Posta limeshajaa. Basi unarudi nyuma, unalipanda likiwa linaelekea mjini, linamwaga watu, wewe umekaa kwenye siti yako kimya, unageuza nalo. Unalipa nauli mara mbili, unapoteza dakika 40, unanunua siti. Ukimweleza mgeni anaona ni wazimu. Ila mtu aliyesimama tangu asubuhi dukani anajua anachonunua. Wapo wanaoingia dirishani, wapo wanaotanguliza begi ndani ili lishike nafasi, na wapo madogo wa kituoni wanaokushikia siti kwa 200.

Oktoba 2012 tukapata treni ya mjini, ikabatizwa treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri. Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, kama kilomita 21 na matawi yake ya Gerezani na Morocco, nauli 650. Nilikuwa nimepanga Kimara Stop Over wakati huo. Nawaambieni, miezi ile ya mwanzo nilikuwa natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, nafika Posta, nakunywa chai kabla ya saa 2. Binti yangu alikuwa na miaka 2. Tulikuwa tunaamka pamoja, namfunga viatu.

Mwaka 2017 nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro ziliwekwa alama ya X. Barabara ilikuwa ipanuliwe kutoka Kimara mpaka Kibaha, na hifadhi yake ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ndani ya hizo mita. Mwenye nyumba alijenga kwa miaka 14, chumba baada ya chumba, na alikuwa akitudai kodi ya miezi miwili ambayo hakuidai tena. Alikaa kwenye ndoo barazani akiangalia watu wakitoa mabati. Sisi wapangaji tulikuwa na bahati, tulibeba vitanda tukaondoka. Tulikwenda tulikoweza kulipa, ambako ni Kibaha. Barabara sasa ni pana, nzuri kweli, njia nane. Naipita kila siku na nikifika pale Stop Over mpaka leo sijui niangalie upande gani.

Sasa siku yangu iko hivi. Naamka saa 10 kasoro. Saa 10 na nusu niko kituoni Maili Moja. Daladala mpaka Kimara, kisha foleni ya mwendokasi, ambayo siku hizi inazunguka ndani ya kituo na mabasi yanakuja yakiwa yameamua yenyewe muda wa kuja. Likikosekana la kwanza na la pili, ndiyo mara 7 zangu hizo. Jioni wenzangu wa Posta tunarudi kwanza Kivukoni, mwisho wa njia, ili tupate siti za kurudi Kimara. Miaka 40 baadaye, barabara ya zege, na bado tunageuza.

Binti yangu ana miaka 11. Jumatatu mpaka Ijumaa namuona akiwa amelala, asubuhi na usiku. Ameanza kuniachia karatasi mezani: baba nahitaji daftari la hesabu, baba mwalimu anataka kukuona, baba nimekuwa wa 4. Mimi najibu kwa chini, naacha na hela. Nimezihifadhi zote. Mke wangu anasema nimeanza kufanana na baba na mkoba wake.

Kuna wanaoniuliza, si uhamie mjini? Chumba kimoja Sinza au Magomeni kinameza nusu ya mshahara, na sisi tuko watano. Wengine sasa wanaitazama treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024. Mwenzangu mmoja ofisini anapiga hesabu za kuhamia Morogoro. Sensa ya 2022 iliwakuta Dar watu 5,383,728. Sisi wa Kibaha hatumo humo, tumehesabiwa Pwani, ingawa mchana wote tuko Posta.

Barua yangu ya kujieleza niliiandika usiku, mistari minne kama ya mzee. Naishi Kibaha. Magari ni mawili. Nafika kituoni saa 10 na nusu. Mstari wa mwisho ulinishinda, nikampigia tena nimuulize yeye alimalizia vipi. Akavaa miwani, nikasikia karatasi zikisugua simu, akanisomea: naahidi kutoka nyumbani mapema zaidi.

"Ukatoka mapema zaidi?"

"Saa 10," akasema. "Na wewe sasa utatoka saa ngapi?"